Makopo ya Chiriku

Tarehe 2 Aprili

Kwako Kidole, mjukuu wangu mkubwa na mke mwenzangu mtoro,

Salamu utazikuta mwishoni, kama utafika mwishoni. Kwanza nikuulize: miguu imekatika? Maana mtu mwenye miguu yake miwili hakai miaka miwili na miezi mitatu bila kuja kumtazama bibi yake. Hata paka aliyehamia kwa jirani hurudi kuangalia kama sahani yake bado ipo. Wewe hata sahani hujaiulizia. Na usinitajie simu. Mimi na simu tulishagombana. Kwenye simu kila mtu hajambo. Kwenye barua naona mkono wako ulipokaza na ulipolegea, najua kama umekula au hujala.

Shule sikuipitia hata dirishani, unajua. Herufi hizi kanifundisha mdogo wako Chiriku, kwenye meza hii ya kulia, miaka minne, huku akinicheka. Barua hii imenila siku tatu. Isome kwa adabu.

Sasa sikiliza. Chiriku amenyamaza. Yule yule tuliyempa jina la ndege kwa sababu alikuwa anasema mpaka mswaki ukiwa mdomoni. Kifafa chake unakijua: mkono wa kulia unaanza kuruka, kikombe kinakwenda ukutani, macho yanaganda, halafu anarudi na kuuliza, "Nilikuwa nasema nini vile?" Mwaka jana mama yenu alimwambia daktari kwamba anashikwa mara sita, saba kwa mwezi. Daktari akasema makadirio hayatoshi, mtu wa nyumbani awe anahesabu. Mtu wa nyumbani nani? Mama yenu anatoka alfajiri kwenda kuoka mikate ya watu, anarudi jua limechoka. Mtu wa nyumbani ni mimi. Nikatafuta makopo matatu ya maziwa, moja la asubuhi, moja la mchana, moja la usiku, na mfuko wa maharage. Mkono ukiruka, natia. Siku ya daktari nabeba makopo yangu, namwaga maharage yote mezani kwake, tunahesabu pamoja. Mwezi wa kwanza hamsini na manne! Daktari akashika kichwa, akaongeza dawa. Mwezi wa pili hamsini na tisa, akaongeza tena. Mwezi uliopita sitini na moja.

Na dawa hiyo, mjukuu wangu, imemzima mtoto kama mshumaa. Anaamka saa nne, saa sita kalala tena. Kule saluni anakojifunza kusuka alisinzia, kitana kikiwa bado kichwani mwa mteja. Mwenye saluni akamleta nyumbani amemshika mkono, akasema, "Akipona aje, kiti chake sikigusi." Ana miaka kumi na saba huyu. Tarehe 28 Mei tunarudi hospitali, na maharage yasiposhuka daktari anamwekea dawa ya pili juu ya hii. Nikamwuliza, "Na akinywa hiyo ya pili, atakuwa anaamka siku gani?" Hakucheka.

Wewe si unasomea ubongo? Basi sema kitu. Kama huna la kusema, njoo ukae naye tu.

Salamu ndizo hizi.

Bibi yako

*

Tarehe 11 Aprili

Bibi yangu mpenzi, shikamoo.

Miguu ipo. Nimekula, kabla hujauliza. Haya ya miaka miwili na miezi mitatu yamenikalisha kama mtu aliyemwagiwa maji.

Acha nikueleze kazi yenyewe, labda utanihurumia. Mimi sitibu watu, Bibi. Ninajenga ubongo wa kuigiza ndani ya kompyuta. Si ubongo mzima, seli mia mbili tu. Kila seli ina mstari wake kwenye kioo. Mstari unatambaa chini chini, unapanda taratibu, halafu ghafla unaruka juu kama maziwa yanapofura, kisha unashuka. Mruko huo ndio neno la seli. Hivyo ndivyo seli zinavyosemezana. Kazi yangu ni kuifundisha kompyuta iutambue kila mruko na iandike umetokea wakati gani. Si saa ya ukutani. Unachukua sekunde moja, unaikata vipande elfu kumi, unasema mruko umetokea kwenye kipande fulani.

Hapo ndipo nilipokwama, wiki ya tatu sasa. Nimeweka kizingiti, yaani kimo cha kupimia mruko, nikaiambia kompyuta: kila kipande ambacho ishara ya seli iko juu ya kizingiti, andika. Juzi nikampelekea profesa matokeo. Seli moja imeruka mara mia nane ndani ya sekunde. Profesa akavua miwani, akanitazama, akasema, "Binti, hii ni seli au ni cherehani?" Darasa zima likavunjika mbavu. Na mimi nikacheka. Halafu nikaenda chooni nikalia kidogo, nikacheka tena, kwa sababu kweli ilikuwa cherehani.

Kuhusu Chiriku, nimeandika mistari mitano na kuifuta. Nielezee zaidi, hata vitu unavyoona ni vidogo. Anashikwa vipi, wewe unakuwa wapi, unafanya nini.

Mjukuu wako,
Kidole

*

Tarehe 19 Aprili

Kidole,

Marahaba, nimeipokea. Mkono wako umelegea kwenye neno "nimekula", kwa hiyo umeniongopea. Kula.

Yaani umeniacha miaka miwili kwa ajili ya seli ambazo hata hazipo? Mtu akiniuliza mjukuu wako anafanya nini huko, niseme anachunga mbuzi wa kuchora?

Hata hivyo nimesoma maelezo yako mara nne, na nakwambia kompyuta yako haina kosa hata moja. Imeangalia, iko juu, imeandika. Imeangalia tena, bado iko juu, imeandika tena. Sasa ulitaka ifumbe macho? Mimi ndiye niliyekufundisha hivyo hivyo. Ulikuwa na miaka mitatu, nimekupakata pale dirishani, nikakwambia ukiona mbuzi nyoosha kidole. Akapita mbuzi, kidole. Akageuka, kidole. Akasimama kula ganda la ndizi, vidole mkono mzima. Mpaka jioni tulikuwa na mbuzi thelathini na mmoja, na mtaa mzima una mbuzi mmoja. Jina lako limetoka siku ile. Nilijivuna! Nikasema huyu hatapitwa na kitu duniani.

Na mimi kwa Chiriku ndivyo ninavyofanya. Mkono ukiruka, harage. Ukiruka tena kabla sijafunika kopo, harage jingine. Jana asubuhi nilimimina chai, na kabla haijapoa nilikuwa nimeshatia saba. Mkono mmoja namshika asianguke, mkono mwingine uko kwenye mfuko wa maharage. Sisinzii. Hesabu ni kutosinzia, hakuna siri nyingine, mwambie profesa wako mwenye miwani.

Chiriku alitaka nikupe salamu. Akasema, "Mwambie dada kwamba," akalala. Nimesubiri mpaka jioni aimalize. Hakukumbuka.

Bibi yako

*

Tarehe 26 Aprili

Bibi, shikamoo. Kama umesimama, kaa.

Habari ya mbuzi nimeisoma kwa sauti, nikacheka mpaka wa chumba cha pili akagonga ukuta. Halafu kicheko kikakatika chenyewe. Mbuzi alikuwa mmoja, Bibi.

Nikakimbia kwenye kompyuta. Nikaukuza mruko mmoja ukajaa kioo kizima, nikahesabu vipande. Mruko mmoja unakaa juu ya kizingiti kwa vipande ishirini. Programu yangu ilikuwa inauandika mara ishirini, kama mimi na kidole changu dirishani. Nikabadilisha mstari mmoja tu: usiandike kwa sababu iko juu, andika pale inapovuka kizingiti kutoka chini kwenda juu, halafu ngoja mpaka ishuke kabisa. Mia nane zikawa arobaini. Profesa aliangalia akasema, "Cherehani imepona," na hiyo kwake ni sifa kubwa.

Sasa linalofuata naliandika nikiwa nimepiga magoti. Yale saba ya kabla chai haijapoa. Nadhani asubuhi ile Chiriku hakushikwa mara saba. Alishikwa mara moja, mkono ukaruka mara saba ndani ya huko kushikwa kumoja. Mama alisema sita, saba kwa mwezi. Mwezi ule makopo yalipoingia ndani ya nyumba ikawa hamsini na manne. Sidhani ugonjwa ulikua hivyo kwa mwezi mmoja, Bibi. Nadhani ni hesabu iliyokua. Na daktari aliongeza dawa kwa kuangalia hesabu.

Naomba sana, dawa msiiguse. Hata nusu kidonge. Hilo ni la daktari peke yake. Nimempigia mama simu nikamwomba akueleze, akasema, "Mwandikie mwenyewe, mimi nalala naye nyumba moja."

Ila jaribu hivi mpaka tarehe 28. Mkono ukianza, harage moja. Uruke mara tatu, uruke mara tisa, ni harage lile lile moja. Ngoja utulie, umwulize jina lake, akujibu. Akishakujibu, hesabu hiyo imefungwa. Ukianza upya ndipo utie la pili. Na kwa daktari usiyamwage pamoja. La asubuhi libaki kwenye kopo la asubuhi. Ukiyachanganya tutajua ni mangapi, hatutajua ni lini. Na mimi katika seli zangu, bila lini sina kitu.

Nisamehe kabla hujakasirika.

Kidole

*

Tarehe 3 Mei

Kidole,

Salamu hakuna.

Nimelea watoto saba na wajukuu kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyenipotea sokoni. Leo mtoto niliyemfundisha moja na mbili ananiandikia kwamba moja na mbili sizijui. Unasema mimi ndiye niliyemlaza Chiriku. Hukuliandika hivyo, umelizungusha zungusha, lakini ndilo ulilolisema. Mimi, ninayemshika kichwa kisipige sakafu.

Makopo yangu ni yale yale na yatabaki pale pale mezani. Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Bibi yako, na hilo huna la kulifanya.

Kula.

*

Tarehe 29 Mei

Dada Kidole,

Ni mimi, Chiriku! Bibi yuko uani anagombana na kamba ya nguo, nimemwibia karatasi. Naandika upesi kabla usingizi haujanikamata. Lazima ujue yaliyotokea, kwa sababu yeye hatakwambia hata akifungiwa ndani.

Barua yako ilipofika aliitupa. Akaiokota, akaisoma, akaitupa tena. Siku mbili hakusema na mtu, hata redio aliizima kwa sababu ilikuwa inasema. Siku ya tatu akamwagiza mama makopo mengine matatu. Akayapanga chini ya kitanda chake, ya mezani akayamwaga yaanze upya siku moja nayo, akaniambia, "Ya mezani ni yangu. Ya uvunguni ni ya yule mjuaji. Mwisho wa mwezi nitampelekea aibu yake kwa posta."

Basi dada, ungeona mbio! Nikishikwa, Bibi ananishika, maharage yanaingia mezani ka, ka, ka. Nikitulia ananiinamia usoni, "Wewe nani?" Nikijibu, anatimka chumbani kutia moja la kwako, anarudi anahema. Siku moja nilizinduka nikaona nimtanie, nikamjibu, "Mimi ni mkuu wa polisi." Akakataa kufunga hesabu. Akaniuliza tena, na tena, mpaka niliposema mimi ni Chiriku mjukuu wake.

Nimelala hapa. Sasa ni jioni. Tuendelee.

Jana kwa daktari Bibi akapanga makopo sita juu ya meza, matatu huku, matatu kule. Daktari akauliza, "Bibi, leo umefungua duka?" Akajibiwa, "Nyamaza uhesabu." Ya mezani: hamsini na manane. Ya uvunguni: manane. Na hayo manane, saba yalikuwa ya kopo la asubuhi, moja la mchana, la usiku halikuwa na kitu.

Daktari akatazama huku, akatazama kule. Akauliza kwa nini yamepishana hivyo. Mama akafungua mdomo, Bibi akamfunga kwa jicho. Akaeleza yeye mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Akasema, "Huyu mtoto anashikwa mara nane. Hamsini zilizobaki nimezizaa mimi." Hivyo hivyo, dada. Ila alikuwa amelikumbatia lile kopo tupu la usiku kwa mikono miwili, na hakuliachia mpaka tulipofika barabarani.

Daktari akasema kosa ni la kwake pia, miezi yote ile hakuwahi kuuliza harage moja ni nini. Dawa ya pili hakuniandikia. Hii niliyonayo ataishusha kidogo kidogo kila wiki, na sehemu kubwa nitakuwa nainywa wakati wa kulala, inilinde asubuhi, kwa kuwa asubuhi ndipo ninaposhikwa. Alimwuliza Bibi nani kampa wazo la kutenganisha makopo. Bibi akasema, "Nina mjukuu mwanasayansi, anachunga seli mia mbili, zote nzima." Zote nzima, amesema!

Njiani alitangulia mbele, hatukuuona uso wake mpaka nyumbani. Mama akanikonyeza kwamba nimwache. Tulipofika akayachukua yale hamsini na manane, akayaosha, akayabandika jikoni. Akasema, "Yamekula akili yangu muda wote huu, sasa na mimi niyale."

Usimwambie nimekwambia.

Chiriku

*

Tarehe 30 Juni

Kidole, mke mwenzangu,

Sasa nimekuandikia, kwa hiyo ruhusa ya kujibu unayo.

Nilikosea. Nimeliandika neno hilo mwenyewe, bila kusaidiwa, na nimeliandika mara moja. Usije ukalihesabu mara saba.

Najua Chiriku alikuandikia. Karatasi zangu nazijua idadi, na hesabu ya karatasi huwa sikosei. Sikumwuliza, maana siku ile alishika kalamu saa nane, akasinzia, jioni akaamka akaishika tena mwenyewe, na mtu aliyezimika haamki akatafuta kalamu. Nilisimama uani na nguo mbichi mkononi nikamchungulia. Alikuwa anacheka peke yake anapoandika. Nguo nilizianika mara mbili.

Mwezi huu ameshikwa mara sita. Sita za kweli, tano asubuhi na moja mchana. Bado anaumwa, sikudanganyi, na daktari amesema njia ni ndefu. Lakini ameamka, Kidole. Macho yamerudi na mwenye macho amerudi nayo. Daktari dawa ameishusha mara nne. Mara ya kwanza hatukuona tofauti. Mara ya pili aliniuliza kwa nini G yangu inaonekana kama mkia wa mbwa aliyepigwa. Mara ya tatu alinisimulia ndoto, na ndoto hiyo ilianza chai ikiwa jikoni ikamalizika vyombo vimeshaoshwa. Ya nne sina haja ya kukueleza, mtaa mzima umesikia.

Saluni anakwenda siku tatu kwa wiki, kuanzia mchana, asubuhi ikiwa imeshapita. Mwenye saluni kaweka mto kwenye sakafu karibu na kiti chake, na nimemfundisha kumwuliza jina. Wateja wanagombania zamu yake. Kuna mama mmoja alisukwa Jumatano, akaja tena Ijumaa kufumuliwa, kwa sababu hadithi ilikuwa haijaisha.

Juzi aliniingilia jikoni, kaanza habari ya mteja, kaingia habari ya mume wa mteja, karukia mama mkwe wa mteja, na mimi kichwa kinaniuma. Nikamwambia, "Hebu nyamaza kidogo mwanangu, nipumzike." Nikasikia nilichokisema. Nikaacha sufuria, nikamshika mashavu yote mawili kwa mikono yenye unga, nikamwambia, "Usinisikilize, endelea. Mama mkwe akasemaje?" Akaendelea mpaka mama yenu akarudi kazini, akamwanzishia mama yenu upya.

Na wewe seli zako nimeziombea. Sijui kama zinaombewa, lakini hakuna aliyenikataza.

Mama yenu anasema una likizo Agosti. Basi sikiliza nikwambie utakavyoingia. Usibishe hodi mlangoni, hakuna atakayekusikia. Sukuma tu mlango, vua viatu, tafuta pa kukaa, utulie kimya. Atakuwa katikati ya maneno. Subiri mpaka avute pumzi. Anavuta mara chache, lakini anavuta. Hapo hapo, upesi sana, ndipo useme hodi.

Bibi yako